Ami si ami: Sinners, Peponi na jiko la harusi Pangani

Najua nimepotea, na wengine mmeanza kuulizana kama nimeolewa. Sijaolewa. Nilikwenda nyumbani Pangani wiki mbili, nikarudi chuoni nikakuta majaribio matatu yananisubiri na bumu halijaingia, kwa hiyo msuli nimeupiga kwa chai ya rangi na maandazi ya kukopa. Sasa nimepumua. Nina jambo limenikaa kooni. Limeanzia kwenye filamu ya kutisha, likapitia kwenye riwaya mbili, likaishia kwenye jiko la nyumba ya watu. Nitajaribu kulieleza kwa mpangilio, ingawa mimi na mpangilio mnatujua.

Filamu kwanza. Mliokuwepo mnaikumbuka ile siku: watu tisa chumbani kwetu, vitanda viwili vya ghorofa, kompyuta moja, pazia limebanwa kwa vibanio vya nguo. Tuliangalia Sinners ya Ryan Coogler, iliyotoka Aprili 2025. Kama hujaiona na unataka kuiona, ruka aya hii. Ni Mississippi, Marekani, mwaka 1932. Ndugu wawili mapacha, Smoke na Stack (wote wawili anawaigiza Michael B. Jordan), wanarudi kwao, wananunua kiwanda kikuukuu cha mbao na kukigeuza ukumbi wa muziki wa watu weusi. Usiku wa kwanza tu, wanyonya damu wanafika mlangoni. Mkubwa wao anaitwa Remmick, mzungu mwenye asili ya Ireland. Sasa sharti lenyewe ni hili: mnyonya damu haingii ndani mpaka akaribishwe. Anasimama pale nje, anatabasamu, anaimba vizuri, anaomba kwa adabu. Anawaambia njooni kwangu, tuwe kitu kimoja, tuwe familia, huku kwangu hakuna ubaguzi. Na mwisho kuna mtu wa ndani, kwa hasira na uchungu wa mwanawe, anayelitamka lile neno. Karibuni. Basi, chumba kizima kilipiga kelele mpaka mlinzi akaja kugonga.

Mwenzetu mmoja wa kutoka Kigoma akasema, "Kumbe hawa ni mumiani tu!" Tukacheka, lakini alisema kweli. Sisi watoto wa pwani hatukutishiwa na majumba ya kale yenye popo. Tulitishiwa na mumiani: mtu anayepita na gari usiku, anakuteka, anakutoa damu, damu inauzwa. Watu wazima waliamini pia. Mwaka 1959 pale Buguruni, Dar es Salaam, hofu ya mumiani ilizua ghasia hadi askari polisi akauawa. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya hadithi za namna hii Afrika Mashariki, kikatoka mwaka 2000, na hoja yake ni kwamba tusizitupe kama ujinga. Watu waliokuwa wakitawaliwa walikuwa wanaeleza kwa njia yao jinsi walivyoona nguvu za watu waliowachukulia vitu vyao bila kuelezwa vinakwenda wapi. Mimi naafiki. Damu ni neno zuri tu la kueleza kodi, mkonge na kazi ya kulazimishwa.

Basi usiku uleule nikaandika insha yangu ya semina ya Historia. Nilijiona nimepata dhahabu. Nikaandika hivi: mwaka 1884 Carl Peters anapita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami na makaratasi yake, anawawekesha machifu alama, eti wamempa nchi. Hiyo ndiyo karibu. Halafu Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar anaikabidhi kampuni ya Wajerumani uendeshaji wa pwani yote ya Mrima. Karibu nyingine hiyo, na aliyeitoa yuko ng'ambo ya bahari. Watu wa Pangani hawakuulizwa. Agosti mwaka uleule bendera ya kampuni inapandishwa Pangani, na afisa wa kampuni, Emil von Zelewski, anajifanya mwenye mji. Inasimuliwa kwamba aliingia msikitini na mbwa wake. Mji ukachafuka. Abushiri bin Salim akaongoza vita vilivyosambaa pwani nzima, Bwana Heri akasimama kule Saadani. Wajerumani wakamleta Wissmann na askari wa kukodi kutoka Sudan na Msumbiji, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy akavitungia vita hivyo utenzi wake wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Nikamaliza kwa mbwembwe: Peters ndiye Remmick, mkataba ndio mlango, Abushiri ndiye Smoke. Nikapata alama nzuri tu.

Ila kuna kitu nilikijua nikakiacha makusudi. Abushiri alikuwa na shamba la miwa karibu na Pangani, na shamba hilo lililimwa na watumwa. Mto ule ninaouvuka kwa kivuko kwenda Bweni ulikuwa na mashamba ya miwa huku na huku, na waliokata miwa hawakuja kwa hiari yao. Niliiacha habari hiyo kwa sababu iliharibu filamu yangu. Ukishasema mnyonya damu ni mgeni aliye mlangoni, hutaki mtu akuulize ndani ya nyumba kulikuwa na nani, na nani alikuwa jikoni.

Sasa riwaya. Kwenye basi la kwenda nyumbani nilikuwa na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1994 kwa jina la Paradise, ikaingia fainali za tuzo ya Booker. Gurnah akapewa Nobel mwaka 2021, na mwaka 2022 Mkuki na Nyota wakaitoa kwa Kiswahili, mtafsiri ni Ida Hadjivayanis. Yaani mtu wa Zanzibar anaandika habari za pwani yetu, na sisi wa pwani tunasubiri karibu miaka thelathini kuzisoma kwa lugha yetu. Haya, afadhali imefika.

Hadithi inaanza Kawa, mji wa kubuni, ambao Wajerumani waliufanya kituo cha kujengea reli yao ya kwenda nyanda za juu. Mimi nikaisoma hiyo reli kuwa yetu, ile iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 kuelekea Usambara. Hapo kuna mtoto, Yusuf, wa miaka kumi na miwili hivi. Kuna tajiri anayeitwa Aziz, mfanyabiashara wa misafara ya bara, ambaye akija kuwatembelea ananukia vizuri na humpa mtoto sarafu. Yusuf anamjua kama ndugu wa familia. Siku moja anaambiwa atasafiri naye. Wanapanda treni. Akifika pwani anamkuta kijana mwingine, Khalil, dukani kwa tajiri, na Khalil ndiye anayemfungua macho: yule si ndugu yako, baba yako anadaiwa, na wewe ndiye uliyewekwa rehani mpaka deni lilipwe. Khalil mwenyewe naye ni rehani. Mwisho wa kitabu siutaji, kisomeni.

Nilikuwa tumepita Segera nilipofika hapo. Nilifunga kitabu, nikaangalia mkonge dirishani mpaka Muheza. Si kwa sababu ya Yusuf. Ni kwa sababu ya Ami.

Kwetu Pangani kuna nyumba moja tunaiita Nyumba Kubwa. Majina siyaandiki. Mzee wa nyumba hiyo tangu nizaliwe namwita Ami, baba yangu naye alimwita baba yake Ami. Wakiwa na shughuli, harusi au arubaini au maulidi, sisi tunakwenda siku mbili kabla. Bibi yangu anakaa uani kwenye mbuzi ya nazi, mama anasimamia masufuria, mimi na dada zangu tunaosha vyombo na kubeba masinia. Shughuli ikiisha tunapewa doti ya kanga kila mmoja na pilau ya kubeba. Kwenye picha za ukumbini hatumo. Sikuwahi kuona ajabu. Wageni wakiuliza hawa ni nani, wenye nyumba wanajibu kwa upendo kabisa, "Hawa ni watoto wa nyumbani." Na mimi, jamani, nilikuwa najisikia vizuri nikiitwa hivyo. Mpaka lile basi. Nikajiuliza kwa mara ya kwanza: Ami huyu ni ndugu wa baba yangu kwa baba gani, kwa mama gani? Sikupata jibu.

Nikamsubiri Bibi mpaka usiku, baada ya isha, amelala kwenye mkeka barazani.

"Bibi, Ami ni ndugu yetu wa upande gani?"

"Mke mwenzangu, umeanza lini kuuliza undugu wa watu?"

"Nauliza tu Bibi."

Akanyamaza muda mrefu nikadhani amelala. Halafu akasema, "Bibi yangu mimi aliletwa."

Alisema neno hilo moja tu, aliletwa, kama mtu anavyosema kikapu kililetwa. Nikasubiri. Kidogo kidogo akatoa. Bibi yake alitoka huko juu, upande wa Handeni, mwaka wa njaa ya nzige. Alikuwa hajavunja ungo. Mjomba wake alimshika mkono wakashuka naye hadi Pangani, akamwacha Nyumba Kubwa, akaondoka na mahindi. Walisema watakuja kumkomboa mvua zikinyesha. Mvua zilinyesha. Hawakuja. Wenye nyumba wakampa jina jipya, na jina lake la kwanza hakuna anayelijua. Akakua, akaozwa humohumo kwa kijana mwingine aliyeletwa. "Basi," akasema Bibi. "Ndiyo undugu wenyewe huo."

Kwenye maktaba mambo haya yapo, wadau, tatizo hatuyapeleki darasani. Njaa ya nzige ilipiga kaskazini mashariki ya nchi yetu katikati ya miaka ya 1890, na njaa nyingine ikafuata mwaka 1898 hadi 1900. Familia za Uzigua na Bonde ziliwaweka watoto rehani kwa matajiri wa pwani ili wapate chakula, na asiyekombolewa aligeuka kuwa wa nyumba ile. Wala haikuwa mara ya kwanza. Kwenye njaa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi waliishia kupakiwa majahazini hadi Somalia. Kizazi chao kinasimulia kwamba waliahidiwa kazi na chakula, wakauzwa. Waliendelea kusema Kizigula kule kwa zaidi ya miaka 150, na baada ya vita vya Somalia baadhi yao walirudi na kupewa makazi Chogo, Handeni, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wale wa Somalia angalau walijua walitoka wapi. Sisi tulichukuliwa mwendo wa siku chache tu, tukasahau.

Na Mjerumani, aliyejisifu duniani kwamba anapigana na biashara ya watumwa? Hakuufuta utumwa. Alichoamua ni kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa huru. Marufuku kamili Tanganyika ilikuja mwaka 1922 chini ya Mwingereza. Kwa hesabu zangu bibi yake Bibi alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake siku sheria ilipomwambia yuko huru. Huru aende wapi? Jina halijui, kwao hakujui, na Nyumba Kubwa ndio watu pekee anaowaita wake. Alibaki. Aliendelea kukuna nazi.

Hapo ndipo ninapotaka kutoa maoni yangu kuhusu filamu na riwaya, kwa sababu nimeona watu wanabishana kipi kinatisha zaidi. Sinners ni filamu nzuri, nitairudia. Na siyo rahisi kama nilivyoifanya kwenye insha yangu. Remmick mwenyewe anasema kwao nako walinyang'anywa ardhi na kulazimishiwa dini. Anayenyonya naye alishanyonywa. Na kinachotisha kwake ni lile neno, familia, kuliko yale meno. Hapo Coogler amegusa penyewe. Lakini ni filamu. Kuna kitunguu saumu, kuna kijiti cha mti, na saa zikitimia jua linachomoza na mambo yanaisha. Peponi haina jua la namna hiyo. Tajiri Aziz hapigi mtu, hafoki, anaswali, anazungumza kwa upole, na mtoto wa watu anazeeka mikononi mwake. Huwezi kumchoma kijiti mtu anayekuuliza umekula.

Najua hivyo kwa sababu ada yangu ya kidato cha tano na cha sita aliilipa Ami. Baba alipofariki, mzee yule alikuja nyumbani kwa miguu, akamwambia mama mtoto asome, gharama juu yangu. Hakuitangaza. Bila yeye nisingekuwa hapa kuwaandikia habari za rehani. Nimegeuza jambo hili kichwani kila upande. Je, ile ada ni wema? Ni deni? Ni malipo ya nazi za miaka mia na ishirini? Na kama ni deni, safari hii nani amewekwa?

Riwaya ya pili ni Theft, ya Gurnah huyohuyo, iliyotoka mwaka 2025. Niliazimwa, nimeisoma kwa siku nne. Hii siyo ya zamani za Wajerumani, ni ya juzijuzi, Zanzibar na Dar es Salaam za wazazi wetu. Humo kuna Badar, kijana wa kimaskini anayepelekwa kwenye nyumba ya watu kuwa mtumishi, na kuna habari za nyuma zinazomhusu ambazo nyumba inazijua na yeye hazijui. Wengine mmesema ni kitabu cha polepole. Ni kweli, kinatambaa, na katikati nilitaka kukiacha. Ila nadhani mwandishi anatuonyesha kwamba Yusuf hakuisha na ukoloni. Kila mwaka kuna basi linaloshuka na mtoto aliyeahidiwa kusomeshwa. Wangapi humu chuoni kwao kuna binti wa kazi anayeitwa "kama mwanetu"? Nanyoosha na mimi mkono. Kwa shangazi yangu Tanga mjini yupo, na nimeshamtuma maji mara ngapi sijui.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, wa mwalimu mtarajiwa asiyejua atapangiwa wapi. Nikisimama mbele ya kidato cha pili sitafundisha mgeni mlangoni peke yake. Peters nitamfundisha, Zelewski na mbwa wake nitamfundisha, Abushiri nitamfundisha kwa heshima kwa sababu alisimama na akanyongwa. Ila nitasema na shamba lake la miwa. Anayetaka Abushiri bila shamba anataka filamu. Na najua darasani watakuwemo wajukuu wa walioleta na wajukuu wa walioletwa, wamekaa dawati moja, wanaitana ndugu. Hilo ndilo linanitia woga kuliko mumiani. Sijui bado nitalisema vipi bila mtoto kwenda nyumbani na kumtukana mtu aliyemlea.

Asubuhi ya kuondoka nilimuuliza Bibi kama harusi ijayo ya Nyumba Kubwa (ipo, baada ya mfungo) atakwenda. Akaniangalia kama nimeuliza kama atakula. "Nitakwenda. Mama yake Ami ndiye aliyenipokelea baba yako. Wewe usipotaka kuosha vyombo usioshe, ila usije ukawaaibisha watu." Halafu akaomba kitu ambacho sikutegemea. Akataka nimsomee kile kitabu kilichonifanya niulize.

Nilimsomea mwanzo tu, basi la asubuhi lilikuwa linapiga honi. Nilifika pale Yusuf anapoambiwa atasafiri na tajiri, mama yake yupo, baba yake yupo, hakuna anayesema la maana. Bibi alikuwa anachambua mchele, akasimamisha mkono. "Huyo mama yake," akasema, "alikuwa anajua." Kisha akaendelea kuchambua.

Kitabu nimemwachia, ingawa macho yake hayasomi tena. Mdogo wangu wa darasa la sita anamsomea jioni. Harusini nitakwenda. Kama nitaingia jikoni au nitakaa ukumbini na wageni, bado sijaamua, na nikiamua mtajua.

Haya, kesho nina leksha ya saa mbili asubuhi na sijafua. Aliyeniazima Theft aje kuchukua kitabu chake kabla sijakifanya changu. Usiku mwema.